Nimepungua kilo 31 uso umeshuka, niende Istanbul kuvuta ngozi?

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mama wa miaka 54 nipo Tanga. Miaka 2 iliyopita nilikutwa na sukari, daktari akanitisha kweli, nikaacha soda na chapati nikaanza kutembea kila asubuhi, nimepungua kilo 31 na namshukuru Mungu sukari imetulia hadi dawa nimepunguziwa. Shida ni uso. Mashavu yameshuka, shingoni ngozi inaning'inia, juzi msibani watu watatu wameniuliza kama naumwa na mmoja akaninong'oneza kama nimeanza dozi. Binti yangu anaolewa wiki 7 zijazo, na hela ninayo nimeuza kiwanja. Kuna dada ana grupu la WhatsApp anapeleka watu Istanbul, siku 6 hoteli na hospitali humohumo. Mume wangu anasema fanya unavyoona, wadogo zangu wanasema namkufuru Mungu. Presha ninayo kidogo, alafu nilipotoboa masikio mara ya pili la kushoto liliota kiloidi, yaani kovu limevimba likawa nyama, sijui kama inahusiana. Nifanye au niache?
Mama Bibi Harusi, Tanga

JIBU: Pole sana mama na hayo maneno ya msibani. Kilo 31 kwa kutembea na kuacha soda ni kazi kubwa mno, na inauma mtu umepigania afya yako alafu watu wanakuona ndo mgonjwa.

Mimi nimefanya unesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, miaka 22, sita ya mwisho na madaktari wa upasuaji wa plastiki, kwa hiyo nitakwambia nilichokiona kwa macho. Kwa harusi hii, hapana. Baadae inawezekana, na ukifanya sitakuona umemkosea Mungu, hilo la wadogo zako naomba uliweke pembeni maana litakufanya uamue kwa hasira.

Tuanze na hiyo kiloidi, umeitaja mwishoni kama kitu kidogo lakini mimi ndo imenishtua. Feisilifti, huo upasuaji wa kuvuta ngozi ya uso, inachanwa wapi? Kisu kinaanzia kwenye nywele juu ya sikio, kinashuka mbele ya sikio, kinazunguka chini ya ndewe kinapanda nyuma yake, na hivyo hivyo upande wa pili. Yaani palepale mwili wako ulipoonyesha kwamba ukitobolewa kidogo tu unaota nyama. Sisi weusi tunapata kiloidi kuliko wazungu, na aliyewahi kuipata ana hatari zaidi ya kuipata tena. Sio kwamba lazima itokee, wapo wenye historia hiyo waliofanyiwa wakapona vizuri, lakini daktari anatakiwa ajue kabla na akueleze atafanya nini kovu likianza kuvimba, maana huwa linakuja baada ya miezi, we ushakuwa Tanga na yeye yuko Istanbul. Je huyo dada wa WhatsApp alikuuliza habari za kovu? Kama hakuuliza basi hajakuuliza la maana.

La pili presha. Tatizo linaloongoza baada ya kuvuta uso ni damu kuvujia chini ya ngozi, mara nyingi ndani ya masaa 24 ya kwanza, shavu moja linavimba ghafla na linauma na inabidi urudishwe thieta usiku huohuo. Presha isiyotulia ndo rafiki yake mkubwa, na sukari ikipanda kidonda kinachelewa na kinaingia wadudu kirahisi. Nakuuliza pia kwa heshima, kama umewahi kutumia mkorogo useme kwa daktari, zile zenye steroidi zinakondesha ngozi na ngozi iliyokonda haishiki nyuzi vizuri. Sigara na shisha ndo kabisa, ngozi inaweza kufa ikawa nyeusi nyuma ya sikio, wengi wanataka uache angalau wiki 4 kabla.

Sasa hesabu ya harusi. Michubuko ni wiki 2 hivi, uvimbe unabaki miezi, masikio yanakuwa na ganzi mpaka unaogopa kuvaa hereni. Wiki ya 7 ukimwangalia mtu unaona sawa, ila mwenyewe anahisi uso umekaza, na hapo nimekuhesabia kila kitu kimeenda vizuri, bado neva ya uso ambayo ikiguswa mdomo unaweza kwenda upande kwa wiki au miezi, na kwa wachache haurudi. Siku 6 za safari mimi sizielewi kabisa, kuna nyuzi zinatolewa hata siku ya 10, alafu ukae kwenye ndege masaa mengi miguu haitembei, damu inaweza kuganda.

Na usidhani ni jambo la uso tu. Stella Obasanjo, mke wa rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki Oktoba 2005 baada ya upasuaji wa urembo Hispania. Yeye ilikuwa tumbo, lakini mwili uliolala kwenye nusu kaputi ni mwili uleule.

Fanya hiki nyumbani. Kaa mbele ya kioo, weka vidole mbele ya masikio vuta ngozi taratibu juu na nyuma kama sentimita moja. Kinachonyooka ndo feisilifti inaweza kukupa. Mikunjo ya juu ya mdomo, madoa, weusi chini ya macho, vyote vitabaki. Na uulize watavuta ngozi tu au na ile tabaka ya chini inayoitwa SMAS, ambayo Mitz na Peyronie wa Ufaransa waliieleza mwaka 1976, maana ngozi peke yake ikivutwa inaonekana imekazwa na inarudi haraka.

Kwa harusi tafuta mpiga mekapu mzuri akujaribishe mapema, na shingo ikikusumbua kuna magauni ya kola na mitandio mizuri sana, utapendeza mama. Baada ya hapo acha kilo zikae palepale angalau miezi 6, kwa sababu ukipungua tena ngozi italegea juu ya kazi mpya. Pesa ya kiwanja iweke. Muhimbili wapo madaktari wa plastiki, nenda uonwe tu, na yeyote utakayemchagua hapa nyumbani hakikisha jina lake lipo kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukifika, vua hereni umuonyeshe lile sikio la kushoto kabla hata hujauliza bei.