Maswali na majibu: Kulala kwenye kapsuli Japani, na sauna juu yake

Mwezi uliopita nilidokeza hapa kwamba usiku mmoja nilikosa treni Osaka, nikalala kwenye hoteli ya kapsuli, ambayo badala ya chumba unapewa kisanduku cha kulala, kwa yeni 3,800, kama dola 25 za Marekani, sauna, yaani chumba cha joto cha kutoa jasho, ikiwa humohumo ndani ya bei. Tangu siku hiyo simu haijapumzika. Nimechagua maswali yaliyojirudia. Ya viza nimeyaweka kando: Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji viza ya Japani, na mwenye neno la mwisho ni ubalozi.

Shikamoo anko. Hizo kapsuli mbona kama majokofu ya mochwari? Mtu mzima anaingiaje humo? (Kijana, Morogoro)

Marahaba. Kwenye picha zinatisha, sikatai. Lakini aliyesoma bweni akifika pale ataona dabo deka tu, lililozibwa pande zote na kuachiwa mlango mmoja. Urefu ni kama mita mbili, upana mita moja, kimo mita moja na kitu. Unakaa kitako vizuri, kusimama huwezi. Ndani kuna godoro, mto, taa, soketi ya chaja na tundu la hewa. Mimi nina futi sita na inchi moja, nilijinyoosha ikabaki nafasi ya kiganja. Kosa langu lilikuja asubuhi: niliinuka kwa pupa kama niko kwangu, dari ikanipokea kwenye paji la uso. Ila kama wewe ni mtu wa kupiga kelele lifti ikikwama, usijilazimishe.

Nimeelewa kulala kwa bei chee. Sijaelewa sauna inaingiaje. Hoteli ya maskini ina sauna? (Msomaji, Eldoret)

Hapo ndipo wengi wanapokosea, ndugu yangu. Hii si hoteli iliyoongezewa sauna. Ni sauna iliyoongezewa vitanda.

Miji ya Japani inaishi kwa treni, na treni ya mwisho huondoka karibu na saa sita usiku. Ikikupita, ya kwanza ni kama saa kumi na moja alfajiri. Teksi usiku, kuanzia saa nne, huongezwa nauli kwa asilimia 20, na wafanyakazi wengi wanaishi mbali na mjini. Kwa hiyo mtu aliyecheleweshwa kazini, au na glasi, alikuwa anaingia sauna inayokesha, anaoga, kisha anajilaza kwenye kiti cha kupumzikia hadi kuche. Mwenye sauna mmoja mtaa wa Umeda, Osaka, akaona wateja wake wanavyojikunja kwenye viti. Akamtafuta msanifu majengo Kisho Kurokawa, yule aliyekuwa ameshajenga jengo la Nakagin Capsule Tower pale Tokyo mwaka 1972, ambalo lilibomolewa 2022. Mwaka 1979 ikafunguliwa Capsule Inn Osaka, ya kwanza duniani ya aina hiyo.

Ukilishika hilo, mengine yote yanajieleza. Unavua viatu mlangoni kwa sababu unaingia bafuni. Unapewa nguo za humo ndani kwa sababu unatoka bafuni. Na asubuhi unatolewa kwa sababu hakuna aliyetarajia ukae.

Nikifika mapokezi nafanya nini? Sitaki kuonekana mshamba. (Mwanafunzi, anakwenda Nagoya)

Viatu kwanza, kabla hata ya salamu. Kuna vikabati vidogo mlangoni. Weka viatu, funga, chomoa ufunguo. Ufunguo huo ndio unaoukabidhi mapokezi, pamoja na pasipoti ambayo wataitoa nakala, maana sheria yao inataka hivyo kwa mgeni asiye na makazi Japani. Nao wanakupa ufunguo mwingine wenye mpira wa kuvaa mkononi, una namba. Ni wa kabati lako la nguo, na usiutoe hata ukiwa majini. Utapewa taulo mbili, kubwa na ndogo, na suti nyepesi kama ya kulalia. Badilisha, vaa hiyo. Ukumbini utakuta mabosi na mafundi wote wamevaa suti moja, hakuna anayejua nani ni nani. Mimi nililipenda sana hilo.

Nasikia watu wanaoga uchi mbele za watu. Sisi Waislamu tunafanyaje? (Baba, Tanga)

Ni kweli, mzee wangu. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na ndani ya kila upande hakuna nguo. Kaptura ya kuogelea hairuhusiwi, na ile taulo ndogo haitakiwi kugusa maji ya beseni, lile bwawa dogo la kuoga pamoja. Wenyeji huikunja na kuiweka kichwani. Kabla ya kuingia beseni unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu liishe. Atakayeruka hatua hiyo atatazamwa kwa jicho baya kuliko aliye uchi.

Mimi si shehe, sitatoa fatwa ya uchi. Ninachojua ni kwamba baadhi ya hoteli hizi zina vyumba vya shawa vya mtu mmojammoja, basi uliza kabla ya kulipa. Zipo pia sauna za kukodi kwa saa, unajifungia peke yako, ila bei yake si ya kapsuli. Kuhusu swala, ndani ya kapsuli hutasimama, kwa hiyo omba kona ya ukumbi. Kibla kule ni magharibi ikielekea kaskazini kidogo. Ukiwa Osaka, msikiti wa Kobe, uliojengwa 1935 na wa kwanza nchini humo, uko kama nusu saa kwa treni.

Sauna na nyungu si kitu kilekile? Nimejifukiza miaka yote. (Mama, Iringa)

Mama, ni ndugu lakini si pacha. Nyungu yetu ni mvuke: chungu, mchaichai, majani ya mpera, shuka gubigubi, jasho na maji ya mvuke yanachanganyika. Sauna ya Japani kwa kawaida ni kavu. Chumba cha mbao, joto nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi, watu wamekaa ngazi kwa ngazi kimya wakitazama televisheni ya ukutani. Ngazi ya juu ndiyo kali. Mgeni akae ya chini.

Ukutani kuna saa, na hiyo saa ilinidanganya. Ina namba 1 hadi 12 kama saa zote, lakini mshale wake wa dakika huzunguka mzunguko mmoja kwa dakika 12, si 60. Mimi niliingia mshale ukiwa juu kabisa, nikatoka ukiwa kwenye tano. Nikajisifu kwamba nimevumilia dakika 25, mwanaume wa shoka. Nilikuwa nimekaa dakika tano.

Ukitoka, jimwagie maji uondoe jasho, ndipo uingie beseni la baridi, mara nyingi kama nyuzi 15 hadi 17. Dakika moja inatosha. Kisha kaa kwenye kiti, ikiwezekana nje penye upepo, usifanye chochote. Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Wajapani wana neno lake, totonou, yaani mtu kutengemaa. Mwili unakuwa mwepesi, unasikia mapigo ya moyo yakipungua taratibu. Kisha unarudia, mara mbili au tatu.

Sasa onyo, na hapa sitanii. Mwenye presha, mwenye moyo unaosumbua au mjamzito amwone daktari kwanza; kutoka nyuzi 90 kuingia 16 ni mshtuko kwa moyo. Na ukishakunywa pombe, sauna iache. Najua hoteli yenyewe ilianza na walevi waliokosa treni. Bado iache.

Je, sisi wanawake? Nina rasta mpya, na nitakuwa nimetoka kwenye harusi na hina mikononi. (Dada, Mombasa)

Dada, upande wenu nimesimuliwa na mpwa wangu. Kwanza, hoteli nyingi za zamani ni za wanaume tu. Soma vizuri kabla ya kulipia. Zinazopokea wanawake huwawekea ghorofa yao, mara nyingi na lifti ya kadi. Nywele zifunge juu, rasta zisiguse maji. Ndani ya sauna zizungushie taulo, na hereni za chuma vua, zinashika moto. Beba mafuta yako ya mgando. Hewa ile kavu itakuacha na vumbi miguuni, na losheni nyepesi wanazoweka pale kwa ngozi yetu ni mzaha.

Hina nayo ina mambo yake. Mabafu mengi yanakataza chale za wino mwilini, kwa kuwa zinahusishwa na magenge ya wahalifu. Piko nyeusi ya bibi harusi mhudumu hawezi kuitofautisha na chale. Mwonyeshe mapema, mwambie inafutika. Akikataa, usibishane naye.

Nafuata magari Yokohama, siku tatu, begi kubwa na pesa. Kapsuli haina komeo? (Mfanyabiashara, Dar es Salaam)

Haina. Kisheria ni malazi ya pamoja, si chumba, kwa hiyo mlango ni pazia tu. Pesa na pasipoti weka kwenye kabati la mapokezi, usilale nazo. Begi kubwa haliingii kwenye kabati la nguo. Litawekwa karibu na mapokezi, pengine kwa mnyororo. Na hata ukilipia siku tatu, wengi watakutaka utoke kila siku kama saa nne asubuhi, urudi alasiri wakishasafisha. Kwa shughuli yako, kaka, lala kapsuli usiku mmoja kwa kuonja, siku mbili chukua chumba.

Nakoroma vibaya, mke wangu amenihamishia sebuleni. Watanifukuza? (Msomaji, Arusha)

Hawakufukuzi, mko wengi. Kengele ya simu iweke kwenye mtetemo, na omba vizibo vya masikio mapokezi. Usiku ule wa Osaka jirani yangu wa juu alikoroma mpaka alfajiri, kuta zikitetemeka. Asubuhi tukasimama sinki moja tukinyoa ndevu. Nilimtambua kwa namba ya ufunguo mkononi. Aliinama kunisalimu, nami nikainama.