Mdogo wangu, usiukimbie Mtaa wa 52

Juzi nimesaini mkataba mpya wa fremu yangu pale Mtaa wa 52, West Philadelphia, hapa Marekani. Nimepewa miaka mitano mingine. Usiku huohuo ukaniingia ujumbe wa msomaji mmoja anayeishi Upper Darby, kitongoji cha jirani: "Shikamoo dada. Nauza vitenge, madera na udi. Nimeona fremu kwenye plaza ya barabara kuu, ina pakingi kubwa na kodi si mbaya. Nilipotaja 52 shemeji yako amekataa katakata, anasema kule ni vurugu tu. Unanishauri nini?"

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnataka duka lenu wenyewe, na wengi mmeshatishwa hivyohivyo.

Mimi nilitishwa kwa kuchekwa. Ilikuwa kwenye sherehe ya Watanzania hapa mjini. Nikasema kwa furaha kwamba nimepata leseni ya jiji, nitapanga kanga na udi kando ya barabara pale 52. Mzee mmoja anayeheshimika akaniambia mbele ya meza nzima: "Umevuka bahari yote hii uje kuwauzia Wamarekani weusi? Watakuibia mpaka meza." Watu wakaangua kicheko, na wengine walikuwa rafiki zangu. Mpaka leo nikimkuta msibani namwamkia, kisha natafuta kiti cha mbali.

Nikaenda hivyohivyo. Ukishuka kituo cha 52 cha treni ya juu, ile reli iliyofunguliwa mwaka 1907, unatua katikati ya biashara. Kuna vinyozi, saluni za kusuka za akina mama wa Afrika Magharibi, maduka ya nywele, ya simu, nyama halali, meza za mafuta ya manukato na vijiti vya udi. Unatembea kuelekea kusini unapita maktaba ya Lucien Blackwell, mbele kidogo duka la vitabu la Hakim's, ambalo Dawud Hakim alilianzisha 1959 na binti yake akaliendeleza, halafu unafika bustani ya Malcolm X. Mwendo wa dakika chache tu, na hakuna hatua ambayo hukutani na mtu.

Mtu wa Tanga hapotei pale. Philadelphia ina Waislamu weusi wengi, familia zilizosilimu tangu enzi za mababu. Siku yangu ya kwanza mama mmoja mwenye hijabu alisimama, "Salaam aleikum, sista," akafungua kopo la udi wa mawardi, akanusa, akanusa tena. Akaondoka bila kununua. Baada ya muda akarudi na dada zake na jirani yao, na kabla ya adhuhuri kopo lile lilikuwa tupu. Sikumlipa mtu tangazo. Yule mama aliishi mtaa wa pili, alikuja kwa miguu, akarudi kwa miguu.

Hapo ndipo penye jibu lako. Mteja wa plaza anatoka kwake akijua anachotaka, anaegesha gari, ananunua, anaondoka. Jirani yako wa plaza anaweza kuwa na foleni na wewe usione hata mtu mmoja. Kwa mtaa wa miguu, mtu ametoka kumchukua mtoto maktaba, au anasubiri basi namba 52, au binti yake anasukwa rasta na ana saa nzima ya kuzunguka. Karibu kaya tatu katika kila kumi za jiji hili hazina gari. Hawa wote ni wateja ambao pakingi yako kubwa haiwafikii. Wanapita mbele ya mlango wako Jumatatu, wanapita Jumatano, Ijumaa wanaingia.

Na nyumba zenyewe zimejengwa hivyo. West Philadelphia ilikua pamoja na tramu na reli, kabla kila mtu hajawa na gari, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta na zina baraza za mbele. Watu wakikaa barazani jioni wanaonana, wanaulizana kilemba umenunua wapi.

Sasa niseme lile linaloniuma zaidi. Watu wetu wanauita mtaa ule wa hovyo bila kujua uligharimu nini. Weusi waliotoka Kusini mwa Marekani kwa malaki walipofika miji ya kaskazini, ramani za serikali za miaka ya 1930 zilipaka mitaa yao rangi nyekundu, alama ya hatari kwa wakopeshaji, na mikopo ikawa haipiti. Wakafanya biashara hivyohivyo. Harlem, New York, mwaka 1934 walisusia duka kubwa la Blumstein's, Mtaa wa 125, mpaka likakubali kuajiri wasichana weusi kuuza kaunta. Palipositawi, mara nyingi tingatinga lilifuata. Mtaa wa Hastings wa Detroit, uliojaa maduka na kumbi za muziki, ulilazwa chini ya barabara ya kasi. Pittsburgh walibomoa Lower Hill, mtaa wa watu weusi, kuanzia 1956, wakazi zaidi ya 8,000 wakahamishwa na biashara kama 400 zikafa, ili ujengwe uwanja.

Hapahapa Philadelphia, mwaka 1962, Mchungaji Leon Sullivan aliwaomba waumini wake wa Zion Baptist watoe dola 10 kila mwezi kwa miezi 36. Kutokana na michango ile ikazaliwa Progress Plaza, kituo cha maduka cha North Broad Street, iliyofunguliwa 1968, mali ya watu weusi wenyewe. Sisi tuliolelewa na upatu wa mama zetu, ni nani kati yetu wa kuwadharau watu hawa?

Sikufichi kuhusu vurugu. Mei 31, 2020, wakati wa maandamano ya kifo cha George Floyd, polisi walirusha mabomu ya machozi pale Mtaa wa 52 mpaka kwenye vichochoro vya makazi, na maduka mengine yalikuwa yamevunjwa. Baadaye jiji lilikubali kulipa mamilioni kwa walioumizwa na polisi siku zile. Lakini asubuhi iliyofuata niliona majirani wametoka na mafagio na mifuko ya taka, wanafagia vioo mbele ya maduka ambayo si yao. Mzee wetu wa sherehe hakuwapo kuona hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu: tembea mtaa kwanza. Usiupite kwa gari ukafunga vioo. Nenda siku ya kazi, nenda Jumamosi, nenda mvua ikinyesha, hesabu wanaopita na wanaobeba mifuko. Nunua kwa wengine kabla hujataka wanunue kwako. Suka pale, kula pale, ingia Hakim's uondoke na kitabu. Wasalimie wazee kwa heshima ile ile unayompa mzee wa kwenu. Ukifika Desemba 29, siku ya ujamaa katika Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, utaona watu wanavyotafuta makusudi duka la mtu mweusi mwenzao; hakikisha mwaka mzima umekuwa mwenzao kweli, si mgeni mwenye kaunta tu. Acha kabisa tabia ya kumfuata mteja nyuma nyuma kana kwamba ni mwizi. Nimeona maduka yakisusiwa kimyakimya kwa jambo hilo, na yalistahili.

Mwambie shemeji yangu mje pamoja. Msishuke na gari. Pandeni treni pale 69th Street, ni vituo vichache tu, mje Jumamosi mchana mtanikuta.

Kuhusu fremu: kuna moja jirani yangu inaachwa wazi. Ukizungumza na mwenye nyumba, uliza kwa maandishi nani anatengeneza paa, nani analipa maji, na geti la chuma la mbele ni la nani likiharibika. Uliza pia habari ya theluji. Sheria ya jiji inataka njia ya inchi 36 iwe imesafishwa mbele ya jengo ndani ya saa sita baada ya theluji kukatika, na mkataba usiposema ni kazi ya nani, mwenye nyumba atasema ni yako.