Kiungulia kisichoisha: maswali yenu kuhusu dawa

Barua nyingi zilizoingia mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kifua kinawaka, dawa zinamezwa, nafuu haikai. Ninaowajibu hapa ni wale wanaosumbuliwa na kiungulia siku mbili au zaidi kila wiki, si yule aliyezidisha pilau harusini. Dawa za kuwasaidia zipo na zinafanya kazi. Tatizo ninaloliona kila siku dirishani mwa duka la dawa ni kwamba zinamezwa saa isiyo yake, au zinaendelea kumezwa bila mtu yeyote kuuliza zitaisha lini.

Barua ya kwanza naitanguliza kwa sababu haiwezi kusubiri.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, Moshi. Kiungulia ninacho miaka mingi, lakini tangu Krismasi ugali unakwama kifuani mpaka niusukume kwa maji, na sasa hata wali. Dukani wamenipa omeprazoli ya wiki mbili. Niongeze dozi?

Mwalimu, shikamoo. Usiongeze dozi. Nenda hospitali wiki hii hii. Chakula kinachokwama hakitibiwi dirishani, na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, inaweza kuuzima ule moto ukajiona umepata nafuu, kumbe kilichopo kwenye umio kinaendelea. Unachohitaji ni kipimo cha kamera, ule mrija mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Hapo hapo Moshi, KCMC wanakifanya.

Sitaki kukutisha, ila sitaki pia kukuficha. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, una saratani ya umio kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Aina inayotawala huku kwetu haihusiani sana na kiungulia. Inahusishwa zaidi na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo, kwa hiyo chai iache ipoe kidogo kwanza. Inawezekana pia umio wako umebanwa na kovu tu la asidi ya miaka mingi, na kovu hilo madaktari hulipanua. Lakini kovu na uvimbe, mtu wa duka la dawa hawezi kuvitofautisha kwa kukutazama usoni.

Wengine mnaosoma, mwangalieni mwalimu na mjiangalie nanyi. Kukonda bila sababu, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo cheusi kinachonata, kuambiwa damu imepungua, kumeza kwa maumivu, au kiungulia kinachoanza kwa mara ya kwanza ukiwa umeshapita miaka 55: haya yote ni ya daktari. Na kifua kinachobana, maumivu yakakimbilia mkono au taya huku jasho jembamba linatoka, hicho kichukulie kuwa ni moyo. Kimbilia hospitali, usianze kutafuta dawa ya kutafuna.

Ni dereva wa lori, safari Dar hadi Tunduma. Nimemeza omeprazoli mwezi mzima, kila siku usiku kabla ya kulala, na kifua bado kinawaka. Dawa ni feki?

Kaka, kabla ya kuilaumu dawa, tuangalie saa unayoimeza. Tumboni kuna chembechembe zenye pampu ndogo zinazomwaga asidi. Omeprazoli hupita kwenye damu na kwenda kuzifunga pampu hizo, lakini inazifunga zile tu zilizo kazini. Kinachoziamsha ni chakula. Ukimeza saa nne usiku halafu ukalala, pampu nyingi zimepumzika, na dawa yenyewe huondoka kwenye damu ndani ya saa chache. Asubuhi ukipiga chai na chapati, pampu zinaamka na dawa haipo.

Meza nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, kisha ule kweli. Usimeze halafu ukashinda njaa barabarani mpaka Mikumi. Kama moto wako ni wa usiku, meza nusu saa kabla ya chakula cha jioni. Imeze kila siku, si siku unayoumia tu, kwa sababu nguvu yake hukamilika baada ya siku tatu au nne. Wengi huacha siku ya pili wakisema haifai. Na kapsuli usiitafune wala kusaga vile vidude vya ndani: vimevishwa ganda maalumu ili asidi isiiharibu dawa kabla haijafika kwenye utumbo inakonyonywa.

Sasa nikuulize nami: mgongo unauma? Madereva wengi wanaokuja dirishani wana kipakiti cha diklofenaki mfukoni. Diklofenaki, aibuprofeni na aspirini hukwangua ukuta wa tumbo na hufanya dawa yoyote ya asidi ionekane haina maana. Kama ndivyo, mweleze daktari akubadilishie dawa ya maumivu. Ukishatumia omeprazoli miligramu 20 kwa saa yake sahihi wiki 8 na bado unaungua, ndipo tunapouliza kama ugonjwa ni mwingine, na hapo kamera inahitajika.

Kuna Magnesium za kutafuna, kuna dawa ya maji, kuna Eno, kuna omeprazoli. Zote si ni za kiungulia? Nichague ipi? (Mama lishe, Mwanza)

Zote ni za kiungulia, dada, ila kazi ni tofauti. Vidonge vya kutafuna na nyingi ya dawa za maji zinaipoza asidi ambayo tayari iko tumboni. Nafuu huja ndani ya dakika chache na huondoka baada ya saa moja au mbili. Ni nzuri kwa kiungulia cha mara moja moja. Zenye alginati huongeza kitu kingine: huelea juu ya chakula na kuzuia asidi isipande, kwa hiyo hunywewa baada ya kula na wakati wa kulala. Zenye magnesiamu hulegeza tumbo, zenye aluminiamu hufunga choo, ndiyo maana nyingi huchanganya vyote viwili.

Kundi la kati, kama famotidini, hupunguza utengenezaji wa asidi kwa saa kadhaa. Wengi mliizoea ranitidini ya kundi hili. Mwaka 2020 iliondolewa kwenye masoko ya nchi nyingi baada ya kugundulika ina kemikali iitwayo NDMA inayohofiwa kuleta saratani. Mwenye masalio yake nyumbani asiyatumie.

Omeprazoli na ndugu zake, pantoprazoli, lansoprazoli na esomeprazoli, ndizo zenye nguvu kuliko zote, na ndizo za mtu anayeungua mara kwa mara. Haziji haraka. Kwa hiyo hakuna ubaya ukianza omeprazoli na siku tatu za kwanza ukajisaidia na ya kutafuna.

Eno na magadi ya kuokea yana sodiamu nyingi. Mwenye presha, moyo au figo asiyafanye dawa yake ya kila siku.

Nina mimba ya miezi saba, nipo Temeke. Kiungulia kinanitesa usiku. Mama mkwe ananiambia nitafune mkaa, na mimi udongo nimeshauzoea. Naogopa vidonge vitamdhuru mtoto.

Pole sana, mdogo wangu. Mama mkwe anakupa alichokipata kwa wakubwa wake, na hana nia mbaya. Lakini udongo unaandamana na upungufu wa damu, na unaweza kubeba mayai ya minyoo, wakati wewe sasa unahitaji damu kuliko wakati wowote. Mkaa hautakufikisha popote.

Homoni za ujauzito hulegeza mlango uliopo kati ya umio na tumbo, na mtoto naye anasukuma kutoka chini, ndiyo maana kiungulia kinazidi miezi ya mwisho. Anza na mambo madogo: kula kidogo kidogo, chakula cha usiku kiwe saa tatu kabla ya kulala, lalia ubavu wa kushoto, kanga usiikaze chini ya kifua. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iwekee matofali, kiinuke kama sentimita 15 au 20. Kurundika mito hakusaidii sana, kwa sababu kunakunja tumbo.

Hayo yasiposaidia, dawa zipo. Za kutafuna zenye kalsiamu, au za maji zenye alginati, ndizo tunazoanza nazo kwa wajawazito. Ziache mbali na vidonge vyako vya kuongeza damu kwa angalau saa mbili, la sivyo vidonge hivyo havitanyonywa vizuri. Magadi na vinywaji vyake viepuke. Zikishindwa, daktari anaweza kukuandikia omeprazoli; imetumiwa na wajawazito wengi bila kuonekana kuwadhuru watoto.

Jambo moja naomba ulishike kwa mikono miwili. Maumivu makali ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, pamoja na kichwa kuuma, kuona maluweluwe au kuvimba uso, mara nyingi hudhaniwa ni kiungulia, kumbe ni kifafa cha mimba kinachokaribia. Hapo usinywe chochote. Nenda ukapimwe presha na mkojo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Nimetumia omeprazoli miaka miwili. Kila nikiacha, ndani ya siku mbili naungua kuliko mwanzo. Nimekuwa mteja wa kudumu? Nasikia inaua figo na mifupa. (Msomaji, Nakuru)

Swali hili ndilo ninalotaka kila anayeuza na anayemeza alisikie. Ukiufunga mlango wa asidi kwa muda mrefu, mwili hutoa homoni nyingi ya kuidai, na zile chembechembe hujijenga zaidi. Siku unayoacha ghafla zinafunguka zote. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwapa watu wazima wenye afya, wasio na kiungulia, esomeprazoli kwa wiki 8. Walipoacha, zaidi ya asilimia 40 walipata kiungulia na karaha za tumbo, wakati wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa ni asilimia 15 tu. Kwa hiyo kuungua siku ya pili hakuthibitishi kwamba ugonjwa umerudi. Kunaweza kuwa ni mwili unaojirekebisha, na hutulia baada ya wiki kadhaa.

Shuka ngazi. Kama unameza mara mbili kwa siku, rudi mara moja kwa wiki mbili. Kama ni miligramu 40, rudi 20. Kisha siku moja umeze, siku moja uache, na siku za kuacha jisaidie na alginati au famotidini. Wengi hufika mwisho salama.

Kuhusu madhara: matumizi ya miaka hupunguza vitamini B12 na magnesiamu kwa baadhi ya watu, na yamehusishwa na kuvunjika mifupa kwa wazee, maambukizi ya kuharisha, na mara chache uvimbe wa figo. Neno “kuua” limezidi. Lakini dawa isiyo na sababu haina faida ya kufidia hatari hata iwe ndogo. Wenye sababu wasiache kabla ya kuongea na daktari: waliowahi kutoka damu tumboni, wanaotumia aspirini kila siku kwa ajili ya moyo wakiwa na historia ya vidonda, na wale ambao kamera ilikuta umio umeungua vibaya. Naye anayetumia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kama anaweza kupewa pantoprazoli badala ya omeprazoli, kwa kuwa omeprazoli huidhoofisha dawa hiyo.

Nilitibiwa bakteria wa tumbo, H. pylori, mwaka jana. Juzi nimepimwa damu, bado wapo. Nirudie dozi?

Bado. Kipimo cha damu huona kinga za mwili, nazo hubaki muda mrefu baada ya bakteria kufa. Pima choo, ukiwa umeacha omeprazoli wiki mbili na antibayotiki wiki nne. Nimeona watu wakirudishiwa dozi ile ile mara ya tatu kwa kipimo hiki cha damu, na inaniuma.

Natumia ARV, zile zenye dolutegraviri. Naruhusiwa dawa za kiungulia?

Omeprazoli, ndiyo. Za kutafuna na za maji zenye magnesiamu au aluminiamu huikamata dolutegraviri tumboni isinyonywe: meza ARV saa mbili kabla yake, au saa sita baada yake. Kama uko kwenye dozi yenye atazanaviri au rilpiviriini, usiguse omeprazoli kabla ya kuongea na kliniki yako. Na popote unaponunua dawa ya tumbo, taja kwamba kuna dawa nyingine unazotumia. Si lazima useme ya nini, itaje jina tu.

Ramadhani inakaribia. Omeprazoli yangu nimeze saa ngapi, na kwa nini kiungulia kinanizidi mwezi huo kuliko miezi mingine? (Mkunazini, Zanzibar)

Funguo ni rahisi: adhana ya magharibi, fungua kwa maji, meza kapsuli kwa maji hayo hayo, kaswali. Ukirudi mezani nusu saa imepita au imekaribia, na dawa iko tayari. Ukipenda, meza nusu saa kabla ya daku badala yake. Lenye kukufaa ni kushika saa moja mwezi mzima.

Kinachokuzidishia ni mpangilio wa usiku wenyewe: sambusa, kalimati na muhogo wa nazi kwa mkupuo mmoja baada ya tumbo kukaa tupu kutwa, kisha daku na kurudi kitandani hapo hapo. Gawa futari mara mbili, kidogo kabla ya tarawehe na kilichobaki baada yake. Daku ichelewe kwa kadiri sunna inavyoruhusu, na ukishaswali alfajiri, kaa kitako kwanza.