Gari Linagoma Asubuhi ya Kipupwe: Maswali Yenu kwa Fundi

Tangu Juni iingie, simu yangu inaanza kuita saa kumi na mbili asubuhi, na hata salamu hakuna: "Fundi, gari limegoma." Wengine mmeandika, na leo nawajibu baadhi yenu.

Nina Toyota IST. Asubuhi nikipiga stata inalia tiki-tiki-tiki tu. Saa nne jua likishapanda, inawaka yenyewe. Ni baridi hii? (Isevya, Tabora)

Dada yangu, baridi imekuonyesha ugonjwa, haikuuleta. Asubuhi ya Julai hapa Tabora ni nyuzi 15 hivi. Gari kama lako, kabla halijapanda meli, lilikuwa linalala kwenye theluji ya Japani na kuwaka. Betri hutoa umeme kwa kemikali, na kemikali hizo hupunguza kasi zikipoa. Wakati huohuo oili inakuwa nzito, stata inadai nguvu zaidi. Betri nzima hata haishtuki. Iliyochoka ndiyo inayoanza tiki-tiki. Na kilichoichosha ni joto la Septemba na Oktoba, lile linalokausha maji ya betri na kula sahani zake. Iliumwa Oktoba, inakohoa Julai.

Usikimbilie dukani. Tafuta mtu mwenye mita ya umeme, apime betri asubuhi kabla hujagusa ufunguo. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 ni kama tupu. Kisha wewe piga stata yeye akiangalia mita: ikiporomoka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa, hiyo imekwisha. Likishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12, oltaneta (mashine ya injini inayochaji betri) haifanyi kazi, na hata ukinunua betri mpya utaiua ndani ya siku chache.

Ila kabla ya yote, fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, umeme unakwama pale. Fungua hasi kwanza, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha magadi (yasiingie ndani ya betri), piga msasa, kaza, paka grisi kidogo. Nasema hivi kwa aibu: miaka ya mwanzo niliwahi kumbadilishia mteja stata nzima, kumbe ubovu ulikuwa waya mweusi mnene unaotoka betri kwenda kwenye injini, umelegea boliti. Stata yake ya zamani nilimrudishia. Hela ya kazi sikuichukua.

Mimi yangu hailii tiki-tiki. Inalia "ka!" mara moja, kimya. (Mwanga, Kigoma)

Washa taa ya ndani, kisha piga stata. Taa ikizimika, rudi kwenye jibu la juu. Ikibaki inawaka vizuri, umeme upo, shida iko kwenye stata au waya wake. Na Kigoma mjini, kaka, usisingizie baridi. Ninyi wa ziwani mnalala na feni.

Kijana wangu, nina Land Cruiser ya dizeli, ya zamani. Asubuhi inazunguka vizuri, inatoa moshi mweupe, haiwaki mpaka tuisukume. (Urambo)

Shikamoo mzee. Moshi mweupe ni habari njema kidogo: dizeli inafika, ila haiungui. Dizeli haina plagi za cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini ikiwa baridi inasaidiwa na hita plagi. Zikifa mbili au tatu, ndiyo hali yako. Washa ufunguo bila kupiga stata, subiri kitaa chenye mchoro wa koili kizimike, ndipo upige. Kama haisaidii, fundi avue waya wa hita plagi apime moja moja. Nzima husoma omu moja (kipimo cha ukinzani wa umeme) au chini yake. Iliyokatika haisomi kitu.

Siku moshi usipotoka kabisa, dizeli imerudi kwenye tangi usiku na hewa imeingia kwenye mpira wa mafuta. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ipige mpaka iwe ngumu, kisha tafuta mpira unaovujia.

Na wale vijana wanaowasha kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa eya klina, wakatalie mzee wangu. Nimeona nyusi zilizoungua. Boneti pia.

Lori la tumbaku linalala jirani. Anibusti, yaani aniwashie kwa betri yake? (Kaliua)

Uliza kwanza lina volti ngapi. Malori mengi makubwa ni 24, gari lako ni 12. Ukiunganisha hivyo, kompyuta ya gari inaweza kwenda na moshi. Tafuta gari dogo mwenzio: chanya kwa chanya, kisha hasi ya gari linalokusaidia uifunge kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri, maana betri hutoa gesi na cheche ikiruka hapo inalipuka. Kusukuma ni kwa gari za manyuo (gia za mkono) tu.

Jirani anasema nimwagie betri maji ya moto. (Nzega)

Jirani anywe chai yake na hayo maji. Plastiki inaweza kupasuka, asidi ikakumwagikia.

Asubuhi gari inazunguka kwa nguvu kabisa lakini haishiki, mpaka mchana. Mafuta nilijaza ya chupa, njiani. (Sikonge)

Umejijibu mwenyewe, nusu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haigeuki mvuke kirahisi injini ikiwa baridi, ndiyo maana mchana inakubali. Toa mafuta hayo, weka ya kituoni, safisha plagi. Bado ikigoma, sensa ya joto la maji ipimwe: ikidanganya kwamba injini ni ya moto, kompyuta inabana mafuta wakati yanahitajika zaidi.

Bodaboda yangu napiga kiki ishirini kila alfajiri. (Kasulu)

Huko kwenu milimani baridi ipo kweli, sikatai. Vuta choki. Piga kiki mbili tatu switchi ikiwa imezimwa, kisha washa. Injini ikitulia rudisha choki, maana ukiisahau hivyo mpaka stendi itakunywa nauli ya abiria wawili.