Yule waziri mkuu wa Nerima Daikon Brothers ni nani

Umeuliza kuhusu Nerima Daikon Brothers, ile anime (katuni ya Kijapani) ya vichekesho yenye kuimba mwanzo mwisho, yule waziri mkuu anayekuja mwishoni kama adui mkubwa amechorwa kwa mtu wa kweli au wamejitungia tu. Ni wa kweli kabisa bana, ni Junichiro Koizumi, waziri mkuu wa Japani wa wakati ule, cheki zile nywele zake ndefu za mawimbi utamjua hapo hapo. Anime ilianza kurushwa Januari 2006 na yeye alikuwa bado yuko madarakani, yaani wanamchora jamaa anatawala, hiyo mi naiheshimu sana.

Na ili uelewe kwa nini yeye, miezi michache nyuma, Agosti 2005, muswada wake wa kubinafsisha posta ulikataliwa na baraza la juu, akaamua kuvunja baraza la chini, akaitisha uchaguzi Septemba, wabunge wa chama chake waliompinga akawasimamishia wagombea wengine wawang'oe, na chama kikabeba viti 296 kati ya 480. Sasa mweke huyo mbele ya vijana wanaolima figili pale Nerima, Tokyo, wanachotaka ni ukumbi wao wa kuimbia basi, utaona hasira inatoka wapi.

Halafu kuimba kunamfaa maana jamaa anampenda Elvis Presley, yule mwimbaji wa rock wa Marekani, kinoma. Juni 2006, anime ishaisha, alienda Graceland, nyumba ya Elvis kule Marekani, pamoja na Rais Bush wa huko, Koizumi akavaa miwani mikubwa ya Elvis akaimba mbele ya kamera. Tafuta hiyo video kwanza ndo urudie episodi ya mwisho