Muulize Fundi: Tovuti yangu inasuasua

Maswali ya kasi ya tovuti yamejaa kwenye simu yangu mwezi huu, na karibu yote yana sentensi moja inayofanana: "tumeshanunua kifurushi kikubwa zaidi cha kuhifadhi tovuti." Nayajibu kwa pamoja.

Tovuti ya shule yetu hufunguka baada ya sekunde 15. Tumehamia kifurushi cha bei mara tatu, hali ni ileile. Tatizo nini? — Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, mgonjwa wenu kameza dawa kabla hajapimwa. Siwacheki, maana na mimi yalinikuta. Nilimhamishia mteja tovuti yake kwenye seva kubwa (seva ni kompyuta inayohifadhi tovuti), akalipa, kisha nikagundua kwamba kilichokuwa kikichelewesha ni kile kidirisha cha kuchati pembeni ya ukurasa. Kilikuwa kinaita seva ya kampuni iliyokwisha kufungwa. Ukurasa mzima ulikaa ukisubiri mfu aitike! Nilimrudishia nusu ya pesa. Nusu nyingine nilishaila.

Basi pimeni. Fungua tovuti kwa Chrome kwenye kompyuta, bonyeza F12, ingia palipoandikwa Network, weka tiki kwenye Disable cache, kisha pakia ukurasa upya. Kila faili litajipanga kwenye mstari wake, na utaona lilianza lini na likaisha lini. Mstari wa kwanza ndio ukurasa wenyewe. Kama muda wa kusubiri jibu hapo unazidi sekunde 0.8, kipimo ambacho Google huwashauri wenye tovuti wasikipite, tatizo liko kwenye seva au kwenye njia ya kuifikia. Kama mstari huo umeisha upesi lakini chini yake kuna mistari mingine tisini, seva haina kosa, ni mzigo mliomtwisha mgeni. Bonyeza juu ya safu ya Size mpaka mizito ipande juu. Nabashiri mtakutana na picha za mahafali.

Mkiona mstari uliokaa muda mrefu bila kuleta chochote, someni jina lake. Huenda na ninyi mna mfu wenu. Hati ya JavaScript, yaani msimbo unaoendesha vitu vya ukurasani, iliyowekwa kichwani mwa ukurasa husimamisha kila kitu mpaka ifike. Neno "defer" likiongezwa kwenye lebo yake, ukurasa unaendelea kujengwa bila kuingoja. Ya kampuni iliyokufa, ifuteni tu.

Nauza vitenge. Nikipunguza picha rangi zinaharibika, nikiziacha ukurasa haufunguki. — Dada wa Kariakoo

Dada yangu, unachanganya vitu viwili: vipimo vya picha na ubora wake. Anza na vipimo. Picha ya simu huwa na nukta kama 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12. Kwenye kioo cha simu ya mteja wako kitenge kinakaa kwenye nafasi ndogo, na picha ya nukta 800 kwa 600 inamtosha kabisa. Hizo ni nukta 480,000, mara 25 pungufu, na rangi hazijaguswa. Ukimaliza hapo, ihifadhi kama WebP, muundo wa picha uliobanwa, kwa ubora wa 80 hivi. Squoosh inafanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari, na inakuwekea picha ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, ulinganishe nakshi kwa macho yako. Kitenge chenye maua madogo madogo ndicho kinachoonyesha dosari mapema, kwa hiyo jaribu na hicho kwanza.

Picha zilizo chini ya ukurasa zipe loading="lazy" kwenye lebo zake, zisubiri mpaka mteja ateremke. Ile kubwa ya juu kabisa usiipe. Naona mafundi wengi wanaipa zote kwa mkupuo, halafu picha ambayo mteja alipaswa kuiona kwanza inakuwa ya mwisho kufika.

Seva yangu iko Texas. Nihamie Afrika Mashariki? — Msomaji, Dar es Salaam

Kama wasomaji wako wako hapa, inafaa. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Dar hadi Texas kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 14,000. Kwenda na kurudi haiwezi kupungua sekunde 0.14, na kwa kuwa mikongo hupinda, robo sekunde si ajabu. Kabla herufi ya kwanza haijafika, simu inahitaji safari tatu au nne za namna hiyo: kubisha hodi, kukubaliana usiri, kisha kuomba ukurasa. Washa TLS 1.3, toleo jipya la huko kukubaliana usiri, upunguze safari moja.

Usipotaka kuhama, weka kampuni ya Cloudflare mbele ya seva yako. Wana mashine Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zinazotunza nakala za picha na mafaili yako. Ila ukurasa wenyewe hawautunzi mpaka uwaagize, na hapo ndipo wengi hulalamika kwamba "haijasaidia". Na tukumbuke Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika: aliyeweka kila kitu ng'ambo alibaki kuangalia kiduara kikizunguka.

Tovuti yangu ya WordPress inangoja sekunde 4 kabla ya kuonyesha chochote. Nina plagini (viongezo) 43. — Kijana, Kisumu

Hapo umejijibu nusu. Usizifute kwa kubahatisha, lakini: weka Query Monitor, itakuonyesha ni plagini ipi inayochosha hifadhidata. Iondoe hiyo, weka plagini ya kache (akiba ya kurasa zilizokwisha kuandaliwa), kisha angalia toleo la PHP, lugha inayoendesha WordPress. Kama bado uko kwenye 5.6, hiyo ni ya mwaka 2014. Query Monitor nayo ukimaliza iondoe.

Fundi wangu anasema fonti za Google hazina uzito kwa sababu tayari zimo kwenye simu za watu. Kweli?

Zamani, ndiyo, kwa kiasi. Tangu Chrome 86 ya mwaka 2020 kila tovuti ina kache yake, haitumii ya jirani. Ziweke kwenye seva yako, kwa muundo wa WOFF2, na zisizidi mbili.

Nalipia nifikishiwe alama 100 za PageSpeed, kipimo cha kasi cha Google. Bado 91. Nimbane fundi?

Muache apumzike. Alama hiyo ni ya jaribio moja kwenye simu ya kuigiza. Hapo hapo juu ya ukurasa, kama una wageni wa kutosha, kuna vipimo vya watu halisi: kitu kikubwa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na kubonyeza kuitikiwe ndani ya milisekunde 200. Hivyo vikiwa kijani, mlipe.