Zege lisitangulie michoro

Mradi mkubwa wa ujenzi ukichelewa, lawama huangukia mvua, bandari au mkandarasi. Mara nyingi chanzo kiko nyuma zaidi: kazi ilianza michoro ikiwa nusu.

Mfano wa Jumba la Opera la Sydney, Australia, unauma hadi leo. Sehemu ya chini ilianza kujengwa 1959, kabla haijajulikana mapaa yake yaliyopinda kama magamba yatajengwaje. Jibu lilipopatikana, nguzo zilizokwisha kusimamishwa zilikuwa dhaifu mno kwa uzito wa mapaa hayo, ikabidi zijengwe upya. Jengo lililotarajiwa kukamilika 1963 lilifunguliwa 1973, na gharama ikapanda kutoka dola milioni 7 za Australia hadi milioni 102.

Kwenye eneo la kazi, kosa hilohilo huja na sura ndogo. Chukua bomba la milimita 150 linalopaswa kupita kwenye boriti. Likiwa kwenye mchoro, fundi anaacha nafasi yake katikati ya nondo kabla ya zege kumwagwa. Ni kazi ya dakika chache. Likisahaulika, mtatoboa zege lililokwisha kukomaa. Nondo zinaweza kukatika, mhandisi arudie hesabu, boriti iongezewe nguvu, na mafundi wa dari wakae wakisubiri.

Kwa hiyo, kabla ya kumwaga, pandanisheni michoro ya nguzo na boriti, mabomba, umeme na viyoyozi, kisha kila fani itie saini. Mmoja asiposaini, zege lisubiri, hata kama magari yameshaagizwa. Mwenye mradi akitaka mabadiliko, aonyeshwe kwanza yataongeza siku ngapi na fedha kiasi gani, ndipo akubali au aache.

Na ukiambiwa kazi imefikia asilimia 90, uliza ni vipimo vipi vimefaulu. Siku za majaribio ndizo huliwa kwanza ratiba inapobana, na hapo ndipo hatari ilipo. Uwanja wa ndege wa Berlin Brandenburg ulitakiwa kufunguliwa Juni 2012; wiki chache kabla, ufunguzi ukaahirishwa kwa sababu mfumo wa kinga ya moto haukuwa tayari. Ulifunguliwa Oktoba 2020. Feni za kutoa moshi, milango na vitambuzi vya moshi huweza kufaulu kimoja kimoja, vikashindwa vikiunganishwa. Anzeni jaribio la pamoja mapema, kwenye ghorofa moja iliyokamilika, na siku zake zisitumike kufidia ucheleweshaji wa kazi nyingine.